Mama Ndizi ameanza kutembea

Kwa waliojiunga karibuni: natengeneza katuni fupi ya stopu mosheni chumbani kwangu hapa Soweto, Mbeya. Mhusika ni mama mmoja wa plastisini (kitu laini cha kufinyanga, kama udongo) anayeuza ndizi sokoni Mwanjelwa. Unapiga picha, unamsogeza kidogo, unapiga tena. Picha 12 ndiyo sekunde moja, kwa hiyo msiniulize inatoka lini.

Ugonjwa huu ninao tangu utotoni, na aliyeniambukiza ni Pingu, yule pengwini wa plastisini wa katuni ya Uswisi, aliyebuniwa na Otmar Gutmann. Pengwini wale hawaongei lugha yoyote ya watu, basi sisi watoto wa Mbeya tukawa tunaelewa sawasawa na watoto wa Zurich. Wenzangu walicheka, mimi nilisogelea kioo cha TV nikitafuta alama za vidole kwenye udongo. Ukubwani nikamwona King Kong wa 1933. Manyoya yake yanachezacheza kama kuna upepo, kumbe ni vidole vya Willis O'Brien na wenzake, kila walipomshika yule sokwe kumsogeza. Wapo wanaosema ni dosari. Kwangu ndiyo sehemu ninayoirudia kuitazama.

Habari za kazi sasa. Udongo wa mfinyanzi unakauka na kupasuka, kwa hiyo nakanda plastisini yangu mwenyewe: nta ya nyuki, mafuta ya mgando na unga wa chaki. Haikauki, kwa kuwa haina maji. Ila baridi ya Julai haina huruma. Asubuhi plastisini inakuwa ngumu, ukikunja mkono wa Mama Ndizi unachanika kiwikoni. Lazima niifikiche viganjani kwanza. Taa nayo ikiwaka sana, pua inaanza kushuka. Mifupa ni waya wa kufungia nondo, nasokota nyuzi mbili, maana mmoja ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi unakatika.

Dirisha nimeliziba kwa blanketi. Mawingu yakipita mlima Loleza mwanga unabadilika kila dakika, na kwenye filamu chumba kizima kinapepesa. Kwenye simu nimefunga mwanga na fokasi visijirekebishe vyenyewe. Umeme ukikatika katikati ya tukio, simgusi mtu, nakwenda kunywa chai.

Kazi kubwa ilikuwa kutembea. Kila hatua moja naipa picha sita. Miguu ilikaa vizuri mapema tu, nikamwonyesha bibi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Kyela na ambaye amebeba ndizi kichwani miaka mingi. Akatazama, akaomba nirudie.

"Mjukuu wangu, beseni la huyu halina kitu."

"Limejaa, bibi. Si unaziona ndizi?"

"Kichwa kinapanda na kushuka. Mwenye mzigo hafanyi hivyo. Shingo inatulia, kazi inafanywa na kiuno."

Akasimama, akaweka sufuria kichwani, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nikamrekodi. Nilipoisimamisha ile video picha kwa picha, ukingo wa sufuria ulikuwa karibu kunyooka kabisa, huku nyonga zikiyumba na magoti yakikunjika kidogo kila mguu unapotua. Nikabandika uzi mbele ya kamera kuonyesha beseni linapotakiwa kubaki, nikampigia picha Mama Ndizi upya, uzi nikiuondoa kabla ya kila picha. Sasa ndizi zina uzito. Bibi anasema bado anatembea kama mtu wa mjini, lakini hilo nitaliacha, kwani yuko Mwanjelwa.

Tukio linalofuata ni la mvua, na maji halisi hayakai unapoyaweka. Wanaofanya kazi hii hutumia glisarini, kwa kuwa tone lake halitiririki upesi. Duka la dawa wanayo tele, baridi hii kila mtu anapaka. Nimenunua chupa moja na sindano ya kudondoshea. Ikinishinda, Mama Ndizi atauza ndizi zake juani.