Tulivyokaa matanga ya vita Kibirizi

Barua ya kwanza niliandika mimi, na neno lililotukwamisha nililiweka mimi mwenyewe, tena kwa herufi kubwa: YAH: MAANDAMANO YA AMANI. Mwenyekiti wa mtaa alipofika hapo akauondoa mkono kwenye muhuri kama mtu aliyegusa pasi ya moto. "Mama, mwaka wa uchaguzi huu. Mnaandamana kumpinga nani?" Nikamwambia tunapinga vita ya Congo. Akanitazama, akatazama upande wa ziwa, akasema, "Sasa hao wenye vita watawasikia wakiwa wapi?"

Nilikereka, lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Ilikuwa Februari 2025. Goma ilishaingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na watu walikuwa wanavuka Mto Ruzizi kuingia Burundi kwa makumi ya maelfu. Kwa mtu wa Dar hizo ni taarifa za saa mbili usiku, anasikiliza huku anakula. Kwetu Kigoma ni habari za jirani. Siku isiyo na ukungu, milima ya Congo unaiona ukiwa umesimama Kibirizi na beseni lako la dagaa. Wamanyema wa Ujiji wazee wao walitoka huko. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, inapokea Wakongo tangu 1996. Mimi ni fundi cherehani, Mwanga, na vitenge vingi ninavyokata vimevuka ziwa. Mama aliyekuwa akiniletea kutoka Uvira, upande wa Congo, alinyamaza wiki ile. Simu ikawa inaita, haipokelewi. Siku ya nne haikuita tena.

Tulianza watu sita, tunakutana kwenye kibanda changu jioni nikishafunga mashine. Mimi nilikuwa katibu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwenye jumuiya yetu. Alikuwepo ustadhi mmoja wa madrasa kutoka Ujiji, mama mchungaji wa kanisa la Kipentekoste, vijana wawili wanaojishughulisha na haki za binadamu, na mama mmoja Mkongo mwenye genge pale Gungu. Vijana ndio walikuwa na moto. Walitaka tuanzie stesheni ya reli, tupande na Barabara ya Lumumba mpaka Mwanga, mabango mkononi, fulana zimechapwa. Hoja yao ilikuwa nzuri: barabara yenye jina la Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, sisi tuipite kimya? Ila fulana zenyewe zilitugombanisha kabla hata ya kujua bei. Kigoma hii, mwaka wa uchaguzi, ukivaa zambarau umeshachagua chama, ukivaa kijani umeshachagua kingine, na bluu vilevile. Tukabaki na nyeupe.

Halafu kulikuwa na picha. Kijana mmoja alileta kwenye simu picha ya maiti barabarani, akasema ni Goma, ya juzi, tuikuze iwe bango. Mama wa Gungu akaishika ile simu akaikodolea macho muda mrefu. "Hii ni ya 2012," akasema, "ile mara ya kwanza waliingia." Huyo maiti alikuwa na miaka kumi na miwili kaburini, na sisi tunataka kumuua upya. Siku hiyo tukakubaliana: hakuna picha yoyote. Mpaka leo nadhani huo ndio uamuzi uliotuokoa kuliko yote, maana picha moja ya uongo ingetosha watu kusema na mengine yote ni ya uongo.

Sasa ile barua. Nilimwendea bibi mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, tunamheshimu wote, Mwislamu, lakini hakuna msiba wa Mkristo pale ufukweni anaokosa. Nilikwenda kumwomba atuletee wanawake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza yote: mwenyekiti, muhuri, fulana, vijana. Alikuwa anachambua dagaa, anatoa mawe na vijiti, hanitazami. Nilipomaliza akasema, "Watu wamekufa, si ndiyo?" Ndiyo, bibi. "Watu wakifa sisi huwa tunaandamana?" Hapana. "Huwa tunafanyaje?"

Tunakaa msiba.

Nilipanda kilima kurudi Mwanga nikicheka peke yangu. Wiki tatu tunavutana nani aombe kwanza, padre au shehe, wasimame wapi, waseme nini, na jibu lilikuwa kwenye kila uwanja wa nyumba Kigoma. Kwenye matanga hakuna anayefundishwa. Wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti chini ya turubai. Hitma ikisomwa, Mkristo ananyamaza, ametulia. Rozari ikisaliwa, jirani Mwislamu anasubiri, hakuna anayemlazimisha kuitikia. Kanga mabegani. Daftari la rambirambi mlangoni. Na mtu akipita njiani akauliza kuna nini hapa, unamwambia: tumefiwa. Hapo hakuna anayekuuliza unampinga nani, ila lazima atauliza nani amekufa, na kimemuua nini. Ukimjibu hayo mawili, umemaliza kazi ya bango.

Vijana hawakufurahi. Mmoja alisema tunakimbia. Nikamwomba atusimulie tena habari aliyotusimulia siku ya kwanza, ya Leymah Gbowee na wanawake wa Liberia, 2003: Wakristo kwa Waislamu wamevaa nyeupe, wameketi siku baada ya siku kwenye uwanja karibu na soko la samaki pale Monrovia, jua linawaka, mvua inanyesha, mpaka Rais Charles Taylor akakubali kuwasikiliza, baadaye wakafuatilia mazungumzo ya amani hadi Accra na kuzuia milango ya ukumbi mkataba ukiwa unasuasua. Mkataba ulisainiwa Agosti mwaka huohuo. Nikamuuliza: hao waliandamana au walikaa? Akanyamaza. Tulipoirudia habari hiyo Kibirizi, mama mmoja akauliza, "Na wenyewe walikuwa wanauza dagaa?" Tukacheka, na kuanzia hapo wanawake wa ufukweni wakaichukua shughuli kama yao.

Barua ya pili niliandika: MKUSANYIKO WA MAOMBOLEZO NA SALA. Sheria inataka polisi wapate taarifa ya maandishi saa 48 kabla, mkutano au maandamano, zikiwemo saa, mahali na sababu. Tukapeleka siku sita kabla, nakala kwa mtendaji wa kata, na namba za simu za watu watatu. Tuliulizwa idadi, tukaulizwa kama kuna mwanasiasa atazungumza. Hakuna. Sikupata shida zaidi ya hiyo, na sitaitunga.

Kutafuta siku ndiko kulikokuwa kazi. Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi Wasabato hawatoki, Jumapili ni yetu. Halafu mwaka ule Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja: mwezi uliandama mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5. Mimi niliona balaa, ustadhi akaona neema. "Dada, wote tumefunga. Nani atadai chakula?" Kweli, gharama kubwa ya msiba ni sufuria. Tukachagua Alhamisi, tarehe 13 Machi, alasiri mpaka kufuturu. Wanawake wa Kibirizi ndio waliopendekeza tarehe, kwa sababu zao: mwezi ulikuwa unakaribia kuwa mpevu, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaendi, taa zao hazivuti kitu. Wanaume wangekuwepo nchi kavu.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuja siku tatu kabla, juu ya tamko. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja laini: tunalaani vita, tunaomba pande zote. Mama wa Gungu akausoma akaurudisha mezani. "Banatuua, na muko munaogopa kutaja jina?" Mama mchungaji akasema tukitaja nchi jirani, kesho mtoto wetu anayesoma huko atapata tabu. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa kweli mimi nilikuwa naogopa tu. Yule kijana aliyesema tunakimbia ndiye aliyetutoa. Alisema tusitamke kwa midomo yetu, tusome kilichokwisha kutamkwa. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773, likaitaka M23 isimamishe mapigano na iondoke miji iliyoiteka, na likalitaka jeshi la Rwanda liache kuisaidia na liondoke Congo bila masharti. Tukaweka aya hiyo kwa Kiswahili, pamoja na wito wa kusitisha mapigano uliotolewa Dar es Salaam tarehe 8 Februari, kwenye mkutano wa pamoja wa jumuiya mbili, EAC ya Afrika Mashariki na SADC ya kusini mwa Afrika. Mama wa Gungu akatikisa kichwa kukubali. Si kwamba aliridhika.

Siku yenyewe spika ya kukodi ilikufa kabla ya saa kumi. Betri. Nilihangaika dakika kumi, kisha bibi akaniambia niache, kwenye msiba nani anapiga spika? Basi kila kitu kikasomwa kwa mdomo, na watu wakasogea. Mchungaji mmoja mgeni alianza kuomba moto ushuke juu ya maadui. Mama mchungaji alimvuta kanzu yake taratibu, mgeni akakumbuka tuko matangani, akashusha sauti.

Kuna jambo ambalo hatukulipanga. Mama wa Gungu alifika na kandambili za mtoto, za bluu, moja kamba yake imeshonwa kwa waya. Aliziweka ukingoni mwa mkeka, pale tunapovulia viatu, halafu akaenda kuketi mbali nazo, na zake mwenyewe akazivua huko. Nilipomuuliza akasema ni za mtoto wa dada yake, alizisahau alipokuja mwaka juzi, na sasa hajui wako wapi. Basi. Hakusema kingine. Baada ya muda mama mwingine akatuma mtoto nyumbani kwake, akarudi na viatu vya kiume, vyeusi, vyenye vumbi. Kufika jioni palikuwa na safu nzima ya viatu ambavyo wenyewe hawakuwa mkekani. Kijana wetu alitoa simu apige picha, akairudisha mfukoni.

Kigoma jua linachelewa, linazama saa moja na kitu, nyuma ya Congo. Adhana ilipolia tukagawana tende na uji, na waliofunga Kwaresima wakanywa pia. Usiku ndipo tukasikia redioni kwamba siku hiyohiyo wakuu wa SADC walikuwa wameamua kuliondoa jeshi lao Congo. Ustadhi alinipigia: "Umesikia?" Nimesikia. Hatukujua tufurahi au vipi.

Rambirambi tulizipeleka kupitia parokia, zikawa sabuni na kanga. Desemba marais wa Congo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani Washington tarehe 4, na kabla ya wiki kwisha M23 wakaingia Uvira. Asubuhi moja mama wa Gungu alikuja kibandani, hakuketi. Akaniuliza mikeka tuliiweka kwa nani. Nikamwambia iko kwa bibi, Kibirizi. Akasema basi barua aandike yeye safari hii, na kama nina karatasi nimpe.