Siku Mama Alipoitaja Ubwari

Nilizaliwa Nyarugusu, kambi ya Wakongomani iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Pale kwetu jirani angekuazima sufuria, jembe, hata angekubebea mtoto uende kuteka maji. Lakini ukimuuliza katoka kijiji gani, jibu ni moja: ng'ambo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, basi. Mama alijiandikisha kuwa mtu wa Baraka, mji wa huko Kongo, na sisi wanawe tulijua hivyo hivyo. Vita vya Kongo viliposhuka kutoka Uvira kuelekea Fizi, kwenye eneo la Baraka, jibu la swali hilo liliweza kumuua mtu, na aliyelifikisha kwa wenye bunduki mara nyingine alikuwa jirani.

Mwaka 2015 wakaja Warundi, wakikimbia machafuko kwao. Walikwama kwanza Kagunga, ufukweni, kipindupindu kikawaingilia, hadi meli ya Liemba ikawapeleka Kigoma mjini. Kambini walilazwa makanisani na madarasani, wengine kwenye mahema. Hema moja lilisimamishwa nyuma ya jiko letu, akakaa mama mmoja na wanawe wadogo. Alijua Kiswahili vizuri, akimwita mama yangu dada.

Ila leo alisema katoka Makamba, kesho Rumonge. Mzee jirani yetu, aliyepoteza ndugu zake ng'ambo, akayasikia yote mawili. Siku hizo watu walinong'ona kwamba Imbonerakure, vijana wa chama tawala cha Burundi, wamejichanganya na wakimbizi. Jioni moja sungusungu wakaja na fimbo, wakamtoa nje yule mama, watoto wamemng'ang'ania nguo. Watu wakajaa.

"Sema ukweli. Unatoka wapi?"

Hakujibu.

Mama alikuwa anasonga ugali. Aliuacha motoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Wanangu, mbona mimi hamniulizi? Nilipofika hapa niliandikisha Baraka. Baraka sikuzaliwa wala sikuolewa. Mimi ni wa Ubwari. Haya, nichukueni na mimi."

Nilikuwa na miaka 16, na ndiyo kwanza najua mama yangu kazaliwa wapi: Ubwari, rasi ya kule Fizi. Kiongozi wa wale sungusungu, kijana mzaliwa wa kambini kama mimi, akasema watarudi kesho. Hawakurudi.

Usiku Baba alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona. "Umelitaja mbele ya watu wote wale?" Mama akamjibu, "Mpelelezi hakosei kijiji, Baba Fulani. Anakuja amekariri. Yule kakimbia kweli, anaogopa kama sisi."

Maneno hayo nayakumbuka kila ninaposikia mkimbizi akiitwa mwongo kwa sababu majibu yake ya mahojiano ya mwaka huu hayalingani na ya mwaka jana. Inaniuma sana. Kwa watu waliopita huko, kuficha kwenu ni namna ya kulinda watoto, na tabia hiyo haiishi siku unapovuka ziwa. Mzee jirani naye simlaumu. Aliyoyaona ng'ambo ndiyo yaliyompeleka kwa sungusungu.

Habari za jioni ile zilisambaa kambini. Mwezi haukuisha, akaja mwanamke kutoka zoni nyingine, anaulizia nyumba ya "yule wa Ubwari". Walizungumza Kibembe mlangoni, wakatajiana wazee, kisha nikamsikia Mama akipiga ukelele. Alikuwa binti wa shangazi yake. Tangu 1996 walikuwa wakiishi kambi moja na kupokea posho ileile, kila mmoja akijiita mtu wa Baraka.