Mpira wa gofu niliuchagua kwa kuanzia kwenye grini

Miaka mitatu ya mwanzo nilichezea mpira wowote uliokuja mkononi. Mingine niliokota vichakani, mingine nilipewa, mingine ilitoka kwenye mifuko ya mipira iliyoopolewa majini. Begi langu lilikuwa na aina saba au nane, na ndani ya mashimo 18 niliweza kutumia nne. Handikapu, yaani makadirio ya mapigo ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja, ilikuwa 22, haishuki, nami lawama zote nikaitwika mikono yangu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja niliyepangwa naye kundi moja. Shimo la tano nilipiga weji, fimbo ya mapigo mafupi ya kupaa, kutoka kama mita 30, mpira ukasimama hatua mbili tu kutoka kwenye bendera. Shimo la saba, umbali uleule, pigo nililoliona ni lilelile, mpira ukaserereka mpaka nje ya grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo, upande wa pili. Mzee akaniuliza, "Kijana wangu, ule wa kwanza uko wapi?" Nikamjibu kuwa umepotelea shimo la sita. "Sasa utajuaje kama kosa ni lako au ni la mpira?" Nilikosa jibu, na swali lile likanifuata hadi nyumbani.

Nikaanza kusoma. Kanuni zinazosimamiwa na R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zinasema mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, tena zinaweka kikomo cha umbali. Nikaelewa kwa nini tangazo la mpira "unaokwenda mbali kuliko yote" halikupaswa kunisumbua kichwa. Nikaelewa pia kwamba nambari iliyochapwa kwenye mpira, 1 hadi 4, ni ya kumsaidia mtu kutambua mpira wake tu. Miaka yote nilidhani ni daraja la ubora!

Tofauti yenye uzito iko kwenye ganda na kilicho chini yake. Mpira wa tabaka mbili una kiini kikubwa kilichofunikwa na ganda gumu, mara nyingi la ionoma, plastiki ngumu. Mpira wa tabaka tatu au zaidi huwa na tabaka la kati, na ile ya wachezaji wazuri huvikwa ganda la yurethani, plastiki laini zaidi. Weji inapougonga, ganda hilo hubanwa kati ya uso wa fimbo na tabaka gumu lililo chini, likashikwa na mifereji, na mpira ukaondoka ukizunguka kinyumenyume kwa kasi. Ndiyo sababu hutua na kusimama. Ganda gumu huteleza kidogo usoni pa weji. Mpira hupaa vizuri, lakini ukigusa nyasi hukimbia.

Kabla ya kununua nilihesabu mapigo yangu ya siku moja. Yalikuwa 95. Dreva, fimbo ya mapigo marefu ya kuanzia shimo, nilipiga mara 13. Ndani ya mita 100, pamoja na kuvingirisha mpira kwenye grini, nilipiga mara 57. Hapo nikaamua jaribio langu lianzie shimoni kurudi nyuma, na dreva iwe ya mwisho.

Nilichukua pakiti ndogo za mipira mitatu mitatu: aina moja laini ya tabaka mbili, nyingine ngumu ya tabaka mbili, na ya tatu yenye tabaka tatu na ganda la yurethani. Kwenye grini ile ngumu ililia kama kokoto, na mlio ule ulinidanganya: nilihisi nimepiga kwa nguvu, kumbe mpira umeishia njiani. Hizo mbili nyingine sikuziona tofauti. Kutoka mita 30 ndipo mambo yalipojitenga. Niliandika kwenye daftari hatua ambazo kila mpira ulikimbia baada ya kutua. Yurethani, tatu hivi. Laini ya tabaka mbili, nane. Ngumu, kumi na moja. Nilirudia siku nyingine nyasi zikiwa na umande na tofauti ikafifia kabisa, kwa hiyo ukijaribu, jaribu pakiwa pakavu, na ufute uso wa weji kila baada ya pigo.

Kwa dreva mipira yote ilianguka karibu karibu. Ile ngumu ilipinda kulia kidogo pungufu kuliko wenzake, lakini bado iliingia kwenye majani marefu. Kupinda kule kunatoka kwenye uso wa fimbo ninaoufungua, yaani kuuelekeza kulia, na hakuna mpira utakaonifungia.

Nilichagua yurethani. Ganda lake huchubuka upesi kwa weji, na hilo nimelikubali. Lakini kama ningekuwa bado napoteza mipira sita kwa siku, ningechukua ile laini ya tabaka mbili bila kusita, mradi iwe hiyohiyo kila siku na nijifunze inavyokimbia. Mipira ya kuokota imebaki ya mazoezi. Iliyopakwa rangi upya siigusi kabisa: rangi hujaza vibonyeo, vile vishimo vidogo vya kwenye ganda, na vibonyeo ndivyo vinavyoufanya mpira uelee hewani, mpira usio na vibonyeo huanguka mapema mno.

Msimu ule handikapu ilishuka hadi 19. Mazoezi ya weji yamechangia, lakini mazoezi hayo yalianza kunisaidia pale mpira ulipoacha kubadilika. Asubuhi za baridi hauendi mbali kama mchana wa jua, kwa hiyo nachukua fimbo ya kupiga mbali zaidi kwa ngazi moja, mpira siubadilishi.