Nilianza kudai madeni nikiwa darasa la nne

Mkate wa kumimina huharibikia kwenye moto, si kwenye mchele. Ukishaloweka mchele usiku kucha, ukausaga na tui zito, sukari, iliki na hamira, ukauacha uumuke mpaka mapovu yatokeze juu, kazi iliyobaki ni ya makaa. Unaanza na moto mdogo wa chini. Pembeni pakishashika, unafunika sufuria na kupalia makaa mengi juu ya kifuniko. Ukifanya kinyume chake unatoa mkate mweusi kitako na mbichi moyoni. Bibi yangu, pale Ngamiani, Tanga, alichomeka njiti ya chelewa katikati. Ikitoka kavu anaepua, ikitoka na ute anarudisha kifuniko bila kusema neno.

Kila Ramadhani alipika wa kufuturu nyumbani na wa kugawia majirani. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya 1990, mambo yakabana, akaamua kwamba safari hii majirani watanunua. Ila yeye mwenyewe aliona haya kuwauzia watu aliozoea kuwapa bure. Akaniita. "Mke mwenzangu, wewe mtoto. Ukiuza wewe hakuna atakayeshangaa." Basi nikawa nikitoka shule navua sare, na baada ya alasiri nazunguka mtaani, sinia kichwani na kawa juu yake.

Kuuza kulikuwa rahisi mno. Mtu aliyefunga, saa moja kabla ya magharibi, akinusa iliki, habishani na bei. Shida ilikuwa hela. Nusu ya mtaa ilinunua kwangu kwa "mwambie bibi yako nitampa kesho," na mtoto wa darasa la nne atamjibu nini mtu mzima? Bibi aliyaandika madeni kwenye daftari lake kwa herufi za Kiarabu, mimi nikayaandika kwa zangu nyuma ya daftari la hesabu. Usiku, akirudi kutoka tarawehe, tunalinganisha. Nikisoma jina ambalo kwake halimo, hatulali mpaka lijulikane limetoka wapi.

Kisha akanifundisha kudai. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba siku ya kudai sibebi mkate, kwa sababu mdaiwa akiuona atachukua kipande kingine na kunituliza nacho. La pili, nisitamke neno hela. La tatu ndilo lililonichukua miaka kulielewa: niende saa mtu anapopokea, si saa anapotumia.

Kulikuwa na fundi cherehani aliyeshonea barazani, mzee mcheshi, na deni lake lilikuwa refu kuliko la mtu yeyote daftarini. Bibi alinituma kwake siku za mwisho za mfungo, watu walipokuwa wakifuata kanzu zao za Idi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mkate uko wapi?"

"Leo sina."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Bibi anakusalimu."

Nikakaa pembeni ya baraza na daftari langu mapajani. Akashona. Akanitazama. Akashona tena. Akaja mtu kuchukua kanzu, akahesabu noti moja moja juu ya meza ya cherehani. Fundi akazitazama noti, akanitazama mimi, akaangua kicheko. "Bibi yako huyu, lo!" Akanihesabia deni lote hadi sarafu ya mwisho, akaniongezea na ya peremende.

Fedha zote ziliingia kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza lilikuwa la mchele, nazi, sukari, hamira na mkaa wa kesho, na hilo lilijazwa kabla ya lile la pili kupata hata thumni. Mjomba aliwahi kuomba nauli kutoka kopo la kwanza, akaambiwa asubiri la pili lipate kitu. Alinuna siku kadhaa. Nauli aliipata, lakini kutoka la pili.

Leo nina kiwanda kidogo cha mikate na skonzi hapa hapa Tanga. Watu wakisikia habari za bibi husema, "Ndiyo maana unajua kuoka." Hapana. Kuoka kunafundishika. Nina vijana waliopitia vyuo vya ufundi vya VETA wanaooka kunishinda, na siku hizi kazi yangu kwenye unga ni kuonja tu. Nilichokitoa Ngamiani ni yale makopo na lile daftari, na bila hivyo ningekuwa nimeshafunga.

Katikati hapo mambo hayakuwa ya ajabu. Nilimaliza kidato cha nne, nikakata tiketi za mabasi stendi, nikaolewa, nikanunua jiko la gesi lenye oveni na kuanza kuoka skonzi uani. Alfajiri zilipelekwa kwenye migahawa ya chai kwa baiskeli, maana mji wetu ni wa baiskeli. Nilipotaka kuingia madukani nilikwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kusoma usindikaji na ufungashaji, na barua yao ya utambulisho ndiyo niliyokwenda nayo TBS, shirika la viwango. Mwaka 2019 ulikuwa na purukushani zake. Masuala ya usalama wa chakula yalihama kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, na kuanzia tarehe 1 Juni mifuko ya rambo ikapigwa marufuku, wateja wa dirishani wakawa wananunua skonzi na kuniuliza wabebee nini. Nikahamia mifuko ya kaki. Ni ghali zaidi na inaloa mafuta, lakini tukazoea.

Kilichotaka kunimaliza ni hoteli moja kubwa. Sitaitaja. Walichukua mikate ya slesi kila siku, wakasaini kila karatasi, na malipo yakawa ni ya "wiki ijayo, dada". Ukiwa mdogo na mteja ni mkubwa, unajiona umepata bahati. Unaogopa hata kuuliza. Kumbe mwenye oda kubwa asiyelipa anakula unga wako tu, na mwaka 2022, bei ya ngano ilipopanda baada ya vita vya Ukraine, unga huo haukuwa wa mchezo.

Nikaona haya mbona nayajua. Kijana aliyepeleka mikate alikuwa ndiye anayeulizia malipo, yaani alikwenda kudai akiwa na mkate mkononi. Nikavitenganisha. Yeye akabaki na kazi ya kupeleka, mimi nikaanza kwenda bila kitu. Kwanza nilichunguza mhasibu wao anasaini hundi lini. Mlinzi aliniambia, bila hongo, kwa salamu tu: Alhamisi, baada ya fedha za semina kuingia. Alhamisi nikavaa vizuri, nikafika, nikasalimia, nikaulizia watoto, nikaketi na faili langu mapajani. Sikutaja deni. Watu wa mboga na samaki waliingia wakatoka. Mchana mhasibu akaniita mwenyewe, akasema, "Mama, wewe utakuwa unakuja kila wiki kukaa?" Nikamjibu kwamba nafasi ninayo. Alianza na nusu. Nyingine ilikuja kwa mafungu, na huku nyuma mzigo wao nikauwekea kikomo cha wiki moja: ya wiki hii isipolipwa, baiskeli haiendi. Walinung'unika, kisha wakalipa, na mpaka sasa ni wateja wangu wazuri.

Makopo nayo yapo, ingawa sasa ni namba mbili za simu. Malipo ya wateja yanaingia kwenye ya kwanza, na kwenye hiyo unatoka unga, hamira, gesi na mishahara peke yake. Mume wangu anaijua namba hiyo na hajawahi kuiomba. Nadhani alisimuliwa habari za mjomba.

Mpwa wangu anauza keki kwa picha za WhatsApp, na anauza haswa. Alipokuja kunionyesha picha nilimwomba daftari. Hana. Alinionyesha meseji zilizojaa "nitakutumia mwisho wa mwezi". Tuliketi tukaziandika zote kwa kalamu, na mbele ya kila jina nikamwambia aandike mtu huyo anapokea mshahara tarehe ngapi. Akasema, "Shangazi, huo si umbeya?" Nikamwambia aandike.

Mkate wa kumimina ninaupika mwenyewe bado, Ramadhani tu, kwa mkaa, kwa sababu oveni yangu hainipi ule wekundu wa juu. Oda ni nyingi kuliko sufuria nilizonazo. Sipokei oda bila nusu ya malipo kwenye simu, isipokuwa kwa wazee wachache wa mtaani kwetu. Hao wanachukua kwa daftari, na wanajua nitapita kuwasalimu kabla ya Idi.