Na anayetengeneza slaidi je?

Mimi sioni. Nafundisha watu wazima kutumia kompyuta, na slaidi za masomo yangu natengeneza mwenyewe. Mwezi uliopita niliombwa nijaribu zana nne za mtandaoni za kuandalia mawasilisho yenye picha, sauti na video, kisha niseme ipi inawafaa watu wenye ulemavu. Nikapewa orodha ya maswali kumi na mawili. Yote yalimhusu mtazamaji: asiyeona atasikia maelezo ya picha? Kiziwi atapata manukuu ya video? Ni maswali ya haki, na nimeyajibu. Lakini hapakuwa na hata moja lililouliza kama mtu asiyeona anaweza kuzitengeneza slaidi hizo, kisha akasimama mbele za watu akaziwasilisha.

Basi nilianzia hapo. Katika kila zana nilijipa kazi ileile: slaidi tano, zenye kichwa, picha yenye maelezo, jedwali dogo, video fupi na kiungo. Natumia NVDA, kisoma skrini kisicholipiwa, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye naye haoni. Nataja hilo kwa makusudi. Chombo ninachokitegemea kutwa nzima kimetoka mikononi mwa mtu asiyeona, halafu kuna waliodhani kwamba mtu wa aina yangu kazi yake ni kukaa chini na kusikiliza tu.

Zana ya kwanza ilinichosha. Nabonyeza Tab kwenye kibodi ili nihamie kitu kinachofuata, nasikia “kitufe”. Nabonyeza tena, “kitufe”. Vipo zaidi ya ishirini na hakuna chenye jina, maana aliyeviweka alichora alama tu bila kuandika kila kimoja kinafanya nini. Nilipofika kwenye slaidi yenyewe, kimya. Eneo lote la kufanyia kazi limechorwa kama picha moja, kwa hiyo kisoma skrini hakipati maandishi ya kusoma wala kitu cha kushika. Picha nayo haiingii mpaka uiburute kwa kipanya. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa na slaidi moja yenye neno moja, na sikujua neno hilo limekaa juu, chini au pembeni. Zana hiyohiyo, kwa orodha niliyopewa, ilipata alama nzuri kuliko zote.

Jambo hili si geni kwa wanaoweka viwango vya wavuti. Shirika la W3C lina mwongozo unaojulikana sana, WCAG, unaohusu maudhui yanayomfikia msomaji. Lina mwingine pia, ATAG, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2015, na huo unahusu zana za kutengenezea. Umegawanyika mara mbili. Sehemu ya kwanza inataka zana yenyewe itumike na mtengenezaji mwenye ulemavu. Ya pili inataka zana imsaidie mtengenezaji yeyote atoe kazi inayofikika, kwa mfano imkumbushe kuandika maelezo ya picha. Orodha yangu ilikuwa imechukuliwa yote kutoka WCAG.

Zana ya pili ilinipa moyo. Kila kitufe kina jina, vitu vinasogezwa kwa vishale, na kila nikisogeza naambiwa kiko wapi. Kasoro yake ni mpangilio wa kusomwa. Kisoma skrini kinafuata mpangilio ambao vitu viliwekwa, si vinavyoonekana kwa jicho. Ukiandika kichwa mwishoni, kitasomwa mwishoni, hata kama kimekaa juu kabisa. Pa kurekebisha papo, ila pamefichwa ndani ya menyu tatu.

Ya tatu ina tatizo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi: haikubali kuambiwa slaidi imeandikwa kwa lugha gani. Inatangaza kila kitu kuwa Kiingereza. Kisoma skrini kinatii, basi “wanafunzi wote” wanasomwa kwa matamshi ya Kiingereza mpaka mimi niliyeyaandika siyatambui maneno yangu. NVDA inayo sauti ya Kiswahili, na WCAG inadai lugha ya ukurasa itajwe katika daraja lake la chini kabisa. Ni mstari mmoja tu wa kurekebisha. Hii ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa mengine niliwaomba marafiki. Mmoja ni kiziwi, naye alikagua manukuu yanayojiandika yenyewe. Mimi nazungumza Kiswahili, mashine inaandika vipande vya Kiingereza visivyo na maana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniandikia: “Afadhali wasingeweka kitu, ningejua kwamba hakuna.” Mwingine mikono yake hutetemeka, hutumia kibodi peke yake. Katika zana ya nne aliingia kwenye video akashindwa kutoka. Tab ilikuwa inazunguka humohumo. Zana hiyo pia hurukaruka kutoka slaidi hadi slaidi kwa kuvuta na kuzungusha skrini nzima, na yeye ana kizunguzungu. Kompyuta yake imeshawekwa ipunguze miondoko. Zana haikujali.

Rangi nilizipima kwa programu, na zote nne zilifikia uwiano wa mwanga wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake, kama WCAG inavyotaka. Sina zaidi hapo.

Nimependekeza ya pili. Ripoti ina kurasa sita, na majibu ya yale maswali kumi na mawili yako kuanzia ukurasa wa nne. Kurasa tatu za mwanzo zinamhusu mtengenezaji, na nimeambatanisha slaidi zangu tano, pamoja na ile ya neno moja.