Shubiri Sita

Jumanne ya wiki iliyopita nilichomoa kamusi kwenye rafu ya chini, ikaja nyepesi mno mkononi. Jalada lilikuwa zima, mgongo mzima, lakini ndani mchwa walikuwa wamekula kuanzia A mpaka karibu na M, wakaacha udongo mahali pa karatasi. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka mitano, alichungulia akauliza kama sasa mchwa wanajua Kiswahili. Dada yake akamjibu: wanajua mpaka M tu.

Ndiyo sababu tangu siku ile sebule yetu haina pa kukanyaga. Tumetandika mikeka, tukamwaga vitabu vyote chini. Huu ni mwaka wa nne tunawasomesha watoto nyumbani, na kila mwaka nimesema nitavipanga masika yakiisha. Masika manne yameisha.

Nyumba yetu hapa Mombasa ni ya zamani, ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizi ni neema mwezi wa Februari, joto linapowatoa watu barazani usiku wa manane. Lakini mvua za Aprili na Mei huingia ndani yake zikakaa, na ukiegemeza kitu unakikuta na ukungu. Mimi rafu nzima niliigandamiza ukutani, nikaijaza vitabu vikabanana mpaka kuchomoa kimoja ni kuvuta vitatu. Hewa ingepita wapi? Mchwa wenyewe walipanda kwa ndani, kwenye ufa nyuma ya rafu, wakajijengea njia yao ya udongo bila mtu kuwaona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kupanga. Ilikuwa kufungua kitabu kimoja kimoja, kukikung'uta nje, kukipangusa kwa brashi kavu, na kukianika kivulini, maana jua kali linapausha jalada na kukunja karatasi. Vilivyokuwa na wadudu wadogo wadogo nilivifunga kwenye mifuko ya plastiki, nikatoa hewa, nikavitia kwenye friza vikae wiki mbili. Baridi ile inawaua, na mfuko usifunguliwe mpaka kitabu kirudi joto la kawaida, la sivyo kinatoka jasho na ukungu unaanza upya. Mume wangu hakuambiwa. Ijumaa alifungua friza kutafuta nguru, akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia: "Mama watoto, hiki cha historia twakipika kwa nazi ama twakikaanga?"

Mama mkwe wangu yeye ana majani makavu ya mwarobaini, anayasokota katika vitambaa na kuyaweka pembeni mwa rafu kama alivyofanya mamake. Nayo yamewekwa. Katika nyumba hii hakuna dawa ya mtu inayokataliwa.

Vitabu vilipokauka ndipo lilipokuja swali lenyewe: kila kimoja kinaenda wapi? Kifungua mimba, ana miaka kumi na miwili na anapenda namba kuliko wali, alikwisha kupata jibu. Alisoma juu ya Melvil Dewey, yule Mmarekani aliyetoa utaratibu wake wa kupanga maktaba mwaka 1876: elimu yote ya dunia imegawanywa mafungu kumi, kila fungu lina mia yake, na kila mia inaendelea kugawanyika mpaka nukta na desimali. Ndege wako 598. Mapishi 641.5. Historia ya Kenya 967.62. Siku mbili nzima alikaa mkekani na penseli na stika, na mimi nikamwachia, kwani hiyo ilikuwa hesabu, jiografia na mwandiko kwa pamoja, na sikuandaa somo lolote.

Tukaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye dini, mia mbili. Mwanangu wa kati alikuwa akimsomea dada yake namba kutoka kwenye orodha. Biblia 220, halafu 230, 240, 250, kuendelea mpaka 280, zote za Ukristo. Dini nyingine zote za wanadamu zikawekwa kwenye 290, na Uislamu ukapata 297. Akasimamisha kusoma. "Yaani sisi na Wahindu na Wayahudi na wote waliobaki tumepewa chumba kimoja?" Nikamwambia aliyepanga alipanga vitabu alivyokuwa navyo, huko kwao, wakati ule. Hakuridhika. Akaanza kutafuta vyumba vingine. Lugha ya Kiingereza ni 420, fasihi yake 820: namba fupi, nadhifu, unaiandika ukitembea. Lugha ya Kiswahili ni 496.392. Fasihi yake 896.392. Stika ya namba hiyo haikai kwenye mgongo wa kitabu chembamba cha hadithi, lazima uizungushe mpaka jalada la nyuma.

"Twaishi mbali sana na mlango," akasema.

Sikuwa na la kumjibu, ila nilitaka kujua katika nyumba yetu wenyewe, pasipo Dewey, tunaishi mbali kiasi gani. Tukatenganisha vitabu kwa lugha, tukavisimamisha mstari mmoja mmoja ukumbini, tukavipima kwa shubiri. Shubiri yangu mimi, kidole gumba mpaka kidogo. Kiingereza: shubiri thelathini na nne. Kiarabu: tano. Kiswahili: sita. Na katika sita hizo, mbili ni kamusi na vitabu vya sarufi, yaani vitabu vinavyozungumzia Kiswahili, si vya kusomea raha.

Nimelala na hesabu hiyo siku kadhaa. Mimi ni Mswahili, nimesomea ualimu, watoto wangu wanaota ndoto kwa Kiswahili (kitinda mimba huzungumza usingizini, twamsikia). Hakuna aliyenilazimisha. Lakini najua ilivyokuwa: vitabu vingi tumenunua vya mitumba, njiani, vimemwagwa juu ya turubai, na mitumba inatoka Uingereza na Marekani. Kwa bei ya kitabu kimoja kipya cha hadithi cha Kiswahili dukani, nilikuwa narudi nyumbani na vinne vya Kiingereza vyenye picha za kung'aa. Kila safari nilijiona nimefanya biashara nzuri. Thelathini na nne ndizo hizo biashara nzuri zote zimesimama mstari mmoja.

Kitinda mimba aliona uso wangu, akapima Kiswahili upya kwa mkono wake mwenyewe. Akapata tisa. Akafurahi, akaenda kumtangazia bibi yake kwamba vimezidi.

Basi tukapalilia. Tumetoa makasha matatu: hadithi zisizo na kichwa wala mkia, vitabu vya picha vilivyorudiwa, ensaiklopidia ya zamani ambayo ramani zake bado zina nchi zilizokwisha kuvunjika (hiyo wa kati aliikumbatia akakataa, imebaki). Vitabu vyangu vya 8-4-4, mtaala wa zamani wa Kenya, vilinipa tabu zaidi. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023, mtaala umekwisha badilika, na mimi bado nimekalia rundo lile kama mjane wa mtaala. Vya jamii na sayansi nimetoa vingi. Vya hesabu nimevibakisha. Sehemu na asilimia hazijabadilishwa na wizara yoyote.

Namba za Dewey tumezibakisha kwa vitabu vya maarifa tu, kwa sababu binti yangu amezifanyia kazi na kwa sababu siku atakapoingia maktaba kubwa popote duniani hatapotea. Vingine tumevipanga kwa kuuliza nani anafika wapi. Rafu mpya zimetengenezwa na fundi seremala wa mtaa wa pili. Alitaka kukata mbao za futi tano ili zipendeze, nikamkatalia; ubao wa inchi moja ukizidi futi tatu bila nguzo katikati, vitabu vinaupinda kabla ya mwaka kwisha. Zimesimama mbali na ukuta, vidole vinne vinapita. Rafu ya chini ni ya kitinda mimba. Yeye hajui kusoma mgongo wa kitabu, kwa hiyo vyake tumevipanga vikitazama mbele, jalada nje, vichache tu, na kila Jumamosi tunabadilisha. Tangu Jumapili ameniletea vitabu saba nimsomee. Zamani alikuwa ananiletea kimoja kile kile, na nilidhani anakipenda. Kumbe ndicho pekee alichokuwa akikiona.

Zidaka zilitaka mazungumzo. Ukuta wa ndani una zidaka tano, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, na zote zilikuwa na sahani na bakuli za mama mkwe, urithi wa nyumba. Nilimwomba mbili. Akanyamaza siku nzima, na mama mkwe akinyamaza siku nzima unajua amesema. Magharibi akaniita: "Ya juu weka misahafu, pasiwe na kitu juu yake. Ya chini, hapa karibu na kitanda changu, niletee daftari za babako mkwe."

Daftari hizo ziko nne. Zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya chai. Mimi mwenye cheti cha ualimu sizisomi. Natambua herufi, lakini Kiswahili kilichovaa Kiarabu kinanipotea kila irabu. Bibi yao, ambaye hakuvuka chuo cha Kurani cha mtaani na ambaye ujumbe wa simu husomewa na wajukuu, anazisoma kama maji. Jumamosi usiku alizifungua watoto wamemzunguka. Madeni ya nani na nani. Siku mvua ilipobomoa ukuta wa jikoni. Bei ya kilo ya mchele. Beti nne za kumsuta jirani fulani, ambazo alizisoma nusu akacheka akafunga daftari, na kifungua mimba mpaka leo anamfuata akitaka nusu iliyobaki. Tangu hapo amekata shauri kujifunza herufi hizo, na mwalimu wake si mimi. Somo hilo liko Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri, kitandani.

Kitabu kimoja bado kinahamahama: utendi wa Mwana Kupona. Aliutunga mwaka 1858, mgonjwa, akimwusia binti yake Mwana Hashima namna ya kuishi. Kwa Dewey ni ushairi, 896.392, hakuna mjadala. Binti yangu anasema hapana: mama amekaa nyumbani anamfundisha mwanawe, basi hiyo ni 371.042, namba ile ile ya vitabu vyangu vya kusomesha nyumbani. Asubuhi naukuta kwenye elimu, jioni naurudisha kwenye mashairi. Tumeusoma pamoja mpaka katikati. Ana maswali mazito juu ya beti za kumtii mume, na baadhi ya maswali yake ni yangu pia, sikuwahi kuyauliza kwa sauti. Baba yao amejifanya ana kazi nje kila tunapofika hapo.

Rafu ya Kiswahili nimeiweka katikati, usawa wa macho, na nimeacha nafasi tupu upande wa kulia, upana wa kama shubiri kumi. Mume wangu anauona kama pengo la meno. Nimeshanunua viwili vya kuanzia, vipya, kwa bei kamili, na moyo umeniuma kama kawaida. Kitinda mimba anapima kila asubuhi. Nimemwekea alama ya chaki kwenye ubao ilipoishia tisa yake, maana mkono wake unakua, na mwakani vitabu vile vile vitampa nane.

Kifungua mimba amefungua daftari la kuazima. Hakuna kitabu kinachotoka rafuni bila jina, tarehe, na mahali kilipo. Faini ni kuosha vyombo vya chakula cha jioni, siku kwa siku. Leo nimelisoma. Wa kati ana viwili, vyote ndani ya muda. Baba yao kimoja, amekirudisha. Bibi amesamehewa kwa sababu ya umri. Mstari wa mwisho, kwa wino mwekundu: "Mama. Mapishi, 641.5. Kilitakiwa Jumapili. Kiko jikoni, kina mchuzi."

Vyombo vinaningoja.