Alifuta "wameondolewa" akaandika "nimewaondoa"

Jana usiku nimeirudia ile tamthilia ya TV ya 2004, Ike: Countdown to D-Day, Tom Selleck yule wa Magnum ndo kacheza Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika yaliyopigana na Wajerumani kule Ulaya Magharibi, kanyoa mpaka ule mustachi tuliomzoea nao. Aisee. Kama unataka mabomu na watu kurushwa hewani hutayapata, karibu muda wote ni wanaume wazima wamejifungia chumbani wanavuta sigara na kubishana juu ya ramani, na mimi hapo ndo ilinishika.

Kinachonibana roho zaidi ni hali ya hewa. Kuvamia Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani (ndo hiyo D-Day), haikuwa kukusanya jeshi tu Uingereza na kuvuka bahari, walihitaji maji yawe yamekupwa alfajiri ili wayaone machuma ambayo Wajerumani walichimbia ufukweni, na usiku wake kuwe na mbalamwezi kwa ajili ya askari wa parachuti, sasa siku zenye vyote hivyo mwanzoni mwa Juni 1944 zilikuwa tatu tu, tarehe 5, 6 na 7. Halafu anakuja James Stagg, mtu wa utabiri, anasema tarehe 5 ni dhoruba. Meli zingine zishang'oa nanga, ikabidi zirudishwe! Usiku wa tarehe 4 pale Southwick House karibu na Portsmouth, nje mvua na upepo, Stagg anasema tarehe 6 kuna kaupenyo. Wote wanamgeukia mtu mmoja. Akiahirisha tena, maji yanakaa sawa tarehe 19 huko, bila mbalamwezi, na tarehe 19 hiyo hiyo ndo ilipiga dhoruba ikaivunjavunja bandari ya vipande Wamarekani waliyoikokota mpaka Omaha, moja ya fukwe walizotua. Yeye angejuaje?

Na bado Leigh-Mallory, mkuu wa ndege, alishamwambia Eisenhower kwamba vijana wa parachuti watakufa wengi mno. Akawatuma. Jioni ya tarehe 5 akaenda mwenyewe Greenham Common kuongea nao kabla hawajapanda, anawauliza wanatoka wapi, yaani mtu unayejua unaweza kuwa unamtuma kufa unamwangalia usoni, mimi hapo machozi yalinitoka.

Ila kuna karatasi moja aliyoandika siku hizo, ipo mpaka leo kwenye maktaba yake kule Abilene, Kansas. Ni tangazo la kushindwa, kaliandaa kabla. Mwanzo aliandika kwamba wanajeshi wameondolewa, akakata, akaandika nimewaondoa. Mwisho akasema lawama ikiwepo ni yake peke yake. Watu 156,000 hivi walikuwa wanaenda kutua siku ile, na majenerali wa nchi kadhaa walikaa kwenye ile meza, yeye anatafuta kitenzi kitakachombebesha yeye.

Karatasi akaitia kwenye waleti. Tarehe aliyoweka ni Julai 5, na ilikuwa Juni.